Mali Bila Daftari, na Daftari Bila Ufafanuzi

Wahenga walitwambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeutumia msemo huu darasani kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wameuandika katika insha zao kila walipotakiwa kueleza umuhimu wa kuweka kumbukumbu. Sikuwahi kujiuliza mali hupoteaje pale ambapo daftari lipo, limeandikwa kwa uangalifu, limehifadhiwa salama, ila hakuna mtu aliyesalia anayeweza kulifasiri. Jibu la swali hilo nililipata mwaka wa 2024, na nililipata kwa aibu.

Mimi ni mmoja wa wanakamati wanaogawa fedha za basari katika shule moja ya upili ambayo sitaitaja. Fedha zenyewe si nyingi, na waombaji huwa wengi kuliko tunavyoweza kuwasaidia. Muhula wa kwanza mwaka huo tuliletewa orodha iliyochapishwa kutoka kwenye tarakilishi ya afisi. Ilikuwa orodha ya kupendeza macho: jina la mwanafunzi, kidato, alama zake, kisha safu wima iliyoitwa "hali", na nyingine iliyoitwa "K2". Chini ya "hali" palikuwa na tarakimu tu: 1, 2, 3, 4, na hapa na pale 9. Karani aliyeitengeneza hifadhidata ile alikuwa amehamia shule nyingine mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Karani mpya hakujua tarakimu zile zilikuwa na maana gani. Mwalimu mkuu naye hakujua. Lakini kamati ilikuwa imekwisha kukutana, na wazazi walikuwa nje wakisubiri jibu. Mmoja wetu akasema kwamba bila shaka 1 ni mwanafunzi mwenye wazazi wawili, 2 ni mwenye mzazi mmoja na 3 ni yatima. Sote tukaona kwamba hilo lilikuwa jambo la kuingia akilini. Kuhusu 4 na 9 tulisema tutauliza baadaye. Tukawapa basari wale wa 3, nami nikatia saini kumbukumbu za mkutano.

Katikati ya muhula wa pili nilimpigia simu yule karani wa zamani kwa jambo jingine kabisa, na katika mazungumzo nikamtajia orodha yake. Alinyamaza kidogo. "Mwalimu," akaniambia, "hiyo tatu si yatima. Tatu ni wale wanaolipiwa karo na wafadhili. Yatima ni nne." Nikamuuliza kuhusu 9. "Tisa ni wale ambao sikuwahi kupata habari zao."

Tulikuwa tumewapa fedha watoto ambao karo yao ilikuwa imelipwa tayari. Wakati ule ule nilipokuwa nikizungumza na karani, msichana mmoja wa kidato cha tatu, mwenye 4 mbele ya jina lake, alikuwa nyumbani kwa juma la sita kwa kukosa karo. Alirejea muhula wa tatu baada ya kamati kukutana upya, akiwa amepitwa na masomo ambayo hakuna basari inayoweza kuyarudisha.

Nalieleza jambo hili hadharani kwa sababu halikutokana na yale maovu ambayo kurasa hizi huyakemea kila siku. Hapakuwa na wizi wala upendeleo, na tarakilishi haikuharibika. Kila tarakimu katika orodha ile ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mistari mitano ya maandishi yanayoeleza kwamba 1 ni nini, 2 ni nini, na kuendelea hadi 9. Wataalamu huyaita maandishi ya aina hiyo metadata, yaani habari zinazoeleza habari nyingine: nani alizikusanya, lini, kutoka wapi, kwa kipimo gani, na kila safu ina maana gani.

Nchi yetu imo katika pilikapilika za kuhamisha shughuli za umma kutoka kwenye makaratasi hadi kwenye tarakilishi. Mjadala wetu juu ya jambo hili umekuwa wa vifaa: vipakatalishi vingapi vimenunuliwa, umeme umefika wapi, mtandao una kasi gani. Julai 2011 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilizindua tovuti ya takwimu huria, na Kenya ikasifiwa kuwa miongoni mwa nchi za kwanza katika bara hili kufanya hivyo. Kabla ya hapo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 35, ilikuwa imempa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka wa 2016 ikapitishwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari. Hayo yote ni mema. Lakini haki ya kupata habari ina faida gani kwa mtu aliyekabidhiwa jedwali lililojaa 3 na 4 na 9? Amepewa alichokiomba, na bado hana kitu.

Mwalimu anayesoma makala haya asidhani kwamba tatizo hili liko mbali naye. Achukue safu moja tu ambayo kila shule inayo, ile inayoitwa "alama". Chukua mwanafunzi aliyepata alama 430 katika mtihani wa KCPE. Je, alifanya vyema? Akiwa aliufanya mtihani huo miaka ya tisini, alama hizo ni kati ya 700, na ni kama asilimia 61. Akiwa aliufanya mwaka wa 2015, ni kati ya 500, na ni asilimia 86. Tarakimu ni ile ile, jina la safu ni lile lile, na watahiniwa hao wawili hawakaribiani hata kidogo. Sisi tuliokuwepo twajua kwamba jumla ilibadilika mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo atalijuaje, iwapo hakuna aliyemwandikia?

Au achukue safu ya "darasa". Katika mwaka wa 2022, tarakimu 7 ilikuwa ya mwanafunzi wa darasa la saba katika mfumo wa 8-4-4, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katika kundi la mwisho kufanya KCPE. Katika mwaka wa 2023, 7 ile ile ilikuwa ya mwanafunzi wa Gredi ya 7, wa kundi la kwanza kuingia sekondari ya chini chini ya mtaala mpya. Mtafiti atakayeziunganisha takwimu za miaka hiyo miwili bila maelezo ataandika sentensi nzuri kuhusu "wanafunzi wa darasa la saba", na sentensi yake itakuwa imewachanganya watoto wa mifumo miwili tofauti.

Mfano mwingine ni wa sensa, nao huwafaa sana wanafunzi wa jiografia. Katika sensa ya 1989 wilaya ya Machakos ilikuwa na watu kama milioni 1.4. Katika sensa ya 1999 ilikuwa na watu kama laki tisa. Mwanafunzi akizichora takwimu hizo kwenye grafu, ataona watu nusu milioni wametoweka katika muda wa miaka kumi, naye ataanza kutafuta tauni au njaa iliyowamaliza. Hakuna aliyetoweka. Mwaka wa 1992 wilaya ya Makueni ilimegwa kutoka Machakos, na watu wake wakahesabiwa peke yao. Neno "Machakos" halikubadilika hata herufi moja, ila ardhi iliyokuwa nyuma ya neno hilo ilibadilika. Katika miaka hiyo wilaya nyingi ziliumbwa kwa njia hiyo, na baada ya Katiba ya 2010 zikaja kaunti 47. Kila jedwali lenye safu iitwayo "wilaya" au "kaunti" lahitaji kusema ni mipaka ya mwaka gani inayozungumziwa.

Kuna pia mtego wa tarakimu zinazosimama mahali pa kimya. Makarani na watafiti wengi huandika 9 au 99 pale ambapo habari haikupatikana. Ni desturi ya zamani na haina ubaya, maadamu imeelezwa. Hebu tupige hesabu ndogo. Darasa lina wanafunzi kumi. Tisa wamepata alama 40 kila mmoja, na wa kumi hakufanya mtihani, basi karani akamwandikia 99. Wastani wa kweli wa waliofanya ni 40. Tarakilishi isiyojua maana ya 99 itatoa 45.9. Darasa limepanda karibu alama sita kwa sababu mtoto mmoja alikuwa mgonjwa.

Nako kwetu, sisi wasemaji wa Kiswahili, kuna mtego ambao wenzetu wa Ulaya hawaujui. Niliwahi kuona daftari la lango la shule likiingizwa kwenye tarakilishi. Chini ya safu ya "saa ya kufika" bawabu mmoja alikuwa akiandika 1:15, na mwenzake aliyempokea zamu akiandika 7:15. Wote wawili walikuwa wakisema jambo moja: saa moja na robo asubuhi. Tarakilishi ilihesabu kwamba baadhi ya walimu walikuwa wakifika shuleni usiku wa manane. Tulicheka sana siku hiyo. Katika hospitali, pale ambapo safu hiyo ni ya saa ya mgonjwa kunywa dawa, pasingekuwa na kicheko.

Wenye akili na fedha kutushinda wamejikwaa papo hapo. Tarehe 23 Septemba 1999 shirika la Marekani la NASA lilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipokuwa kikiikaribia sayari ya Mirihi baada ya safari ya zaidi ya miezi tisa. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu iliyoandikwa na kampuni ya Lockheed Martin ilitoa tarakimu za msukumo wa injini kwa kipimo cha pauni, ilhali waongozaji wa chombo walizipokea wakidhani ni newtoni. Tofauti ya vipimo hivyo ni mara 4.45. Na zingatia jambo hili: hati ya makubaliano iliyotaka vipimo vya metriki ilikuwepo, imeandikwa na kukubaliwa. Programu haikuifuata, na tarakimu zilipofika upande wa pili hazikuwa na kinywa cha kujieleza.

Hapo ndipo ninapofika kwenye hoja yangu. Haitoshi kusema kwamba takwimu zieleze maana yake mahali fulani. Yule karani wetu, nilipomwuliza, aliniambia kwamba aliwahi kuandika ufafanuzi wote kwenye ukurasa mmoja na kuubandika ukutani nyuma ya meza yake. Ukuta ulipakwa rangi wakati wa likizo. Ufafanuzi ukikaa ukutani, au kwenye barua, au kichwani mwa mtu, siku moja utaachana na takwimu zake. Wapaswa kukaa mahali ambapo programu yenyewe itausoma kila mara inapolifungua jedwali, na kumwonyesha msomaji apende asipende.

Mahali hapo pana jina: faili ya usanidi. Kwa wasiolizoea neno hili, faili ya usanidi ni faili ndogo ya maandishi matupu ambayo programu huisoma inapoanza kazi ili ijue ifanye nini na kwa namna gani. Kwa kawaida hutumiwa kwa mambo ya kiufundi: hifadhidata iko wapi, lango lipi lifunguliwe, rangi gani itumiwe. Katika miaka ya karibuni baadhi ya watengenezaji wa programu wamegundua kwamba faili hiyo hiyo yaweza kubeba maelezo ya maana ya takwimu.

Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa programu iitwayo Datasette, ambayo Simon Willison aliitoa Novemba 2017. Willison ni mmoja wa waliobuni Django, chombo cha kujengea tovuti kilichozaliwa katika gazeti dogo la mji wa Lawrence, Kansas, na baadaye alifanya kazi katika gazeti la The Guardian la Uingereza. Sishangai kwamba wazo hili limetoka kwa mtu aliyepitia vyumba vya habari, kwa maana mwandishi wa habari asiyetaja chanzo chake haaminiki. Datasette huchukua hifadhidata na kuiweka wazi ili watu waweze kuipekua kwa kivinjari cha intaneti. Kando ya hifadhidata hiyo huwekwa faili moja ya maelezo. Humo mtu huandika kichwa cha hifadhidata, maelezo yake, chanzo chake na leseni yake, yaani ruhusa ya kuitumia. Kisha hushuka kwenye kila jedwali. Tangu mwaka wa 2021 aweza kushuka hadi kwenye kila safu na kuieleza kwa sentensi yake. Msomaji anapolifungua jedwali, maelezo hayo yako mbele ya macho yake, juu ya tarakimu.

Funguo ambazo programu huzitambua ni za Kiingereza, lakini maelezo yenyewe yanaweza kuwa ya lugha yoyote. Nikizitafsiri funguo, faili ambayo ingetuokoa sisi wanakamati ingekuwa hivi:

jedwali wanafunzi:
  maelezo: Wanafunzi walioomba basari, mwaka wa 2024
  chanzo: Fomu zilizojazwa na wazazi au walezi, Januari 2024
  safu:
    alama: Jumla ya alama za KCPE, kati ya 500
    hali: 1 wazazi wawili, 2 mzazi mmoja, 3 analipiwa na mfadhili, 4 yatima, 9 habari haikupatikana

Mistari hiyo haihitaji shahada. Yahitaji uangalifu tu, kwa sababu katika mtindo uitwao YAML, ambao ndio uliotumiwa hapo juu, nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mstari zina maana, na baadhi ya maneno husomwa kinyume cha matarajio. Mashuhuri zaidi ni kisa cha nchi ya Norway, ambayo kifupi chake ni NO. Ukiandika herufi hizo mbili bila alama za kunukuu, programu nyingi za kusoma YAML hudhani umesema "hapana", na taifa zima hugeuka kuwa kanusho. Wenye kuogopa mitego hiyo hutumia mtindo wa JSON, kama walivyofanya waliobuni faili iitwayo datapackage.json chini ya Open Knowledge Foundation. Sitabishana na mtu kuhusu kipi ni bora. Vyote viwili ni maandishi matupu, yanayosomeka hata kwenye tarakilishi kuukuu, na ambayo huhitaji kununua programu yoyote ili uyafungue.

Mwenzangu mmoja mwalimu wa hisabati, nilipomweleza haya, alinijibu kwamba hiyo ni kazi ya mafundi. Nampinga. Fundi anajua kwamba safu ya "hali" hubeba tarakimu moja na kwamba haipaswi kuwa tupu. Hajui, na hana njia ya kujua, kwamba 9 iliandikwa pale mlezi alipokataa kujibu. Ajuaye hilo ni karani aliyeketi na mlezi huyo. Tena kueleza safu ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya mashine. Chukua neno "yatima" lenyewe, ambalo twadhani ni wazi kama mchana. Katika fiqhi ya Kiislamu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Shirika la UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Karani wetu alikusudia aliyefiwa na wazazi wote. Shule tatu za tarafa moja zaweza kuwa na safu iitwayo "yatima", zote zikajaza kwa uaminifu, na jumla yake isiwe na maana yoyote. Ni nani anayefaa zaidi kuutatua mkanganyiko huu kuliko mwalimu wa Kiswahili na wanafunzi wake?

Wala jambo hili si geni katika lugha yetu. Watunzi wengi wa tenzi za kale za Pwani walifikia mwisho wa kazi yao wakataja jina lao na mwaka wa Hijria walioutunga utenzi, na wengine wakataja hata idadi ya beti zake. Wanafunzi huvipita vipande hivyo mbio mbio wakiona havina utamu. Hebu vitazame upya. Jina na mwaka ni chanzo. Idadi ya beti ni kinga: mnakili wa baadaye, au msomaji wa miaka mia mbili baadaye, aweza kuhesabu na kujua kama kuna ubeti ulioanguka njiani. Na habari hizo hazikuandikwa kwenye karatasi ya kando. Zilitungwa kwa vina na mizani ndani ya utenzi wenyewe, hata asiweze mtu kuunakili utenzi na kuyaacha maelezo bila kuonekana ameukata. Wakutubi walichelewa kufika hapo. Mwaka wa 1995 walikutana na wataalamu wa tarakilishi katika mji wa Dublin, ule wa jimbo la Ohio nchini Marekani, si wa Ireland, wakaanza kukubaliana juu ya vipengele vya kuelezea kazi zilizo kwenye intaneti. Vipengele hivyo, ambavyo baadaye vilitulia kuwa 15, huitwa Dublin Core hadi leo. Mtunzi, tarehe, chanzo na lugha vimo humo.

Sitaki msomaji afikiri kwamba faili ya maelezo ni dawa ya kila ugonjwa. Ina hatari zake. Kubwa ni kuzeeka. Karani akiongeza hali ya tano na asiiguse faili, basi maelezo yataendelea kudai kwamba hali ni nne, na uwongo ulioandikwa vizuri huaminiwa kuliko kimya. Mbele ya tarakimu zisizoelezwa, mtu mwenye busara angalau husita (sisi hatukusita, na hilo ni kosa letu). Mbele ya maelezo yaliyopitwa na wakati, hata mwenye busara hatasita. Kwa hiyo kila faili ya namna hii yapaswa kubeba tarehe ya mara ya mwisho ilipokaguliwa na cheo cha aliyeikagua, na atakayebadilisha jedwali abadilishe na maelezo siku ile ile.

Hatari ya pili ni ya siri. Faili za usanidi zina sifa mbaya ya kufichwa maneno ya siri ya kufungulia hifadhidata, kisha faili hizo zikasambazwa kwa watu. Faili ya maelezo iwe mbali na mambo hayo. Na ieleze safu, isieleze watoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inatutaka tumjulishe mtu sababu ya kukusanya habari zake, na inawapa watoto ulinzi wa pekee. Mimi naona faili hii ndiyo pahali pa kuiandika sababu hiyo: habari hizi zilikusanywa kwa ajili ya basari, na si kwa kazi nyingine. Mkuu wa shule akija miaka mitano baadaye na kutaka kuitumia safu ya "hali" kuamua nani aitwe kiranja, atakutana na sentensi hiyo kwanza.

Kuhusu lugha, ningependa maelezo yaandikwe kwa Kiswahili pale ambapo watumiaji ni wazazi, makarani na wanakamati kama sisi. Najua kwamba wengi watapendelea Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya fomu zetu. Waandike basi kwa Kiingereza kuliko kutoandika kabisa. Lakini katika kamati yetu mlikuwa na wazazi wawili waliokaa kimya muda wote orodha ile ilipokuwa ikijadiliwa. Mmoja wao, niligundua baadaye, alikuwa jirani wa yule msichana wa kidato cha tatu. Alijua kwamba mtoto yule hana mama wala baba. Aliiona 4 mbele ya jina lake, akadhani sisi tulioshika kalamu twajua 4 ni nini.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikaketi na karani mpya kwa alasiri mbili, yule wa zamani akitusaidia kwa simu. Tulikuta majedwali matano yenye safu 41. Nyingi zilituchukua dakika moja moja. "Alama" ilituchukua nusu saa, kwa sababu wanafunzi wawili waliohamia kutoka nchi jirani walikuwa wameandikiwa alama za mtihani mwingine kabisa katika safu ile ile. "Saa ya kufika" tuliiandika kwa mfumo wa saa 24 na kuwaeleza mabawabu. Mwishowe tukafika kwenye "K2". Karani wa zamani alifikiri sana. Alisema ilikuwa na uhusiano na karo ya muhula wa pili, kisha akasema hapana, labda ilikuwa kipimo cha kiingilio, kisha akakiri kwamba hakumbuki. Katika faili yetu, mbele ya safu hiyo, tumeandika: Maana yake haijulikani. Isitumiwe.